Simu, picha za vita na usingizi wa kijana: mwongozo kwa familia za Goma

Mwongozo huu ni wa mzazi, wa kaka au dada mkubwa, wa mwalimu na wa kiongozi wa vijana kanisani: yeyote anayeishi karibu na kijana wa miaka 11 hadi 20 mwenye simu yake, au anayeazima ya mama. Sehemu kubwa inahusu picha na video za vurugu, maana ndizo zinazopita sana katika simu za mji huu na ndizo zinazokata usingizi. Vitisho vya picha za uchi na shida ya kujilinganisha na wengine vimo pia, kwa kifupi.

Ushauri mwingi kuhusu vijana na simu umeandikwa kwa miji yenye amani: zima simu, achana na habari, toka nje. Goma mambo hayako hivyo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu walitumiana picha za anga jekundu ili wajue lava inashuka upande gani. Waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, ndugu walitafutana kwa simu. Ukimnyang'anya kijana simu katika siku kama hizo, umemkata na watu wake, na yeye anajua. Atatafuta simu ya rafiki, atatazama yale yale, na safari hii hutajua.

Simu ibaki, basi. Kazi yetu ni tatu: picha isimfikie bila yeye kuitaka, isimfikie usiku, na ikimfikia asibaki nayo peke yake. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote.

Kwa nini video fupi inakaa kichwani

Mtu akiona damu na kusikia mayowe, mwili wake unajiandaa kukimbia au kupigana: moyo unadunda haraka, mikono inatoa jasho, misuli inakaza. Aliye kwenye tukio lenyewe hukimbia, hujificha au humsaidia aliyeumia, na nguvu ile inapata pa kwenda. Aliyekaa kitandani na simu hana pa kuipeleka. Video nayo ikiisha inaanza tena yenyewe, na kama imepigwa mtaa wa Birere au Katindo, kesho atapita pale pale akienda shuleni.

Kwa hiyo usimwambie kijana, "Lakini wewe hukuwepo." Baada ya mabomu ya Boston, Marekani, mwezi wa Aprili 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California cha Irvine walikuta kwamba watu waliofuatilia habari na picha za tukio saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walionyesha dalili kali za msongo kuliko hata waliokuwa karibu na milipuko. Kutazama kwa kurudiarudia kunaumiza kivyake.

Kuna sababu nyingine ambayo vijana wenyewe hawaijui, nayo inafaa kuelezwa polepole. TikTok na Facebook hupima, pamoja na mengine, muda unaokaa kwenye video. Mfumo hauwezi kujua kama umekaa kwa sababu umependa au kwa sababu umeganda kwa hofu. Sekunde kumi za mshtuko zinahesabiwa kuwa sekunde kumi za kuvutiwa, na kesho unaletewa nyingine tatu za aina hiyo. Kijana wa miaka 14 anayeona simu yake imejaa maiti huanza kudhani kuna kitu kibaya ndani yake kinachozivuta. Mwambie ukweli huu kabla ya kugusa mpangilio wowote. Wengi wanapumua wakiusikia.

Anza na simu yako

Nyumba nyingi zina simu moja au mbili kwa watu saba. Mtoto anaomba simu ya mama apige hesabu au acheze mchezo, anafungua galeri, na mle ndani kuna kila kitu kilichotumwa kwenye grupu la mtaa, la kwaya, la likelemba (upatu) na la ukoo. Hakwenda kutafuta, kilikuwa kinamngoja. Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye simu ya mzazi. Majina ya menyu hapa chini tumeyaacha kwa Kifaransa, maana ndivyo yanavyoonekana kwenye simu nyingi za hapa. Toleo la simu yako likiwa tofauti kidogo, tafuta jina linalokaribia.

Fungua WhatsApp, gusa nukta tatu za juu kulia, ingia «Paramètres», kisha «Stockage et données». Hapo kuna sehemu inayoamua kama picha, sauti na video zinajipakua zenyewe, «Téléchargement automatique», yenye mistari mitatu: data ya simu, Wi-Fi, na «itinérance», yaani unapokuwa kwenye mtandao wa nchi nyingine. Fungua kila mstari na uondoe alama zote: picha, sauti, video, dokumenti. Kosa linalorudi kila mara ni kuondoa kwenye data ya simu peke yake. Siku kijana anapofika mahali penye Wi-Fi, video zote za wiki zinashuka kwa mpigo. Na mtu wa Gisenyi, upande wa Rwanda, au anayevuka mpaka kila siku asiusahau mstari wa tatu.

Kuanzia hapo kila video itafika ikiwa na ukungu, na mtu ataamua kuigusa au kuiacha. Faida ya pili ndiyo itakayomshawishi kijana haraka: mega za intaneti hazitakwisha ovyo.

Sasa rudi nyuma, ingia «Discussions» na uzime «Visibilité des médias». Hii inazuia vitu vipya vya WhatsApp kuingia kwenye galeri ya simu ya Android. Vya zamani havitoki vyenyewe. Ili kuvitoa, rudi «Stockage et données», fungua «Gérer le stockage», na utaona magrupu yamepangwa kuanzia lile lililojaza nafasi kubwa. Futa kutoka hapo. Mtu mzima afanye kazi hii peke yake, mtoto asiwe amekaa pembeni, maana kufuta kunalazimisha kuona.

Kisha «Confidentialité», halafu «Groupes», chagua «Mes contacts». Hapo mtu asiye kwenye orodha yako hataweza kukutupa ndani ya grupu la watu 500 usiowajua.

Grupu la mtaa usitoke. Ukitoka majirani watauliza kwa nini, na katika mji wenye hofu swali hilo si dogo. Linyamazishe kwa kuchagua «Toujours», kisha lifiche kwenye «Archivées». Utalifungua wewe unapotaka.

Mambo mawili yatapita hata baada ya haya yote. La kwanza ni ujumbe wa sauti uliorekodiwa ndani ya WhatsApp: huo unashuka wenyewe daima, hata ukizima kila kitu, na uvumi mwingi wa usiku hupenda njia hiyo. La pili ni statusi. Ukimaliza statusi ya mtu mmoja, WhatsApp inakupeleka kwenye ya anayefuata bila kukuuliza. Kijana anafungua keki ya harusi ya binamu yake, na sekunde chache baadaye yuko juu ya mwili wa mtu. Dawa yake: bonyeza kwa muda jina la anayeweka picha hizo na uchague kumficha, «Masquer». Hataarifiwa.

Kama wewe ni admini wa grupu, una uwezo zaidi ya unavyofikiri. Unaweza kufuta ujumbe wa mwanagrupu yeyote kwa watu wote, na katika siku za hatari unaweza kuruhusu maadmini peke yao waandike. Weka kanuni moja: habari ya usalama iandikwe kwa maneno, ikitaja mahali na saa, picha ya maiti haiingii. Mtu akiwa na picha ya marehemu asiyejulikana, amwandikie admini pembeni, na admini aiulize familia moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini kuna mama aliyejua kifo cha mwanawe kupitia grupu, na hakuna familia inayopaswa kujua hivyo.

TikTok na Facebook

Kwenye TikTok huwezi kuzuia video kuanza yenyewe. Unachoweza ni kufundisha mfumo upya, na hiyo inachukua siku kadhaa za uvumilivu.

Mfundishe kijana mwendo mmoja: video mbaya ikitokea, asikomenti, asimtumie rafiki kwa mshangao, asirudie kuitazama. Abonyeze kioo kwa muda, achague «Pas intéressé», apite. Kukomenti "hii ni mbaya sana" ni kuuambia mfumo kwamba video imemgusa. Kisha aingie kwenye mipangilio, «Préférences de contenu», atafute sehemu ya kuchuja maneno na aandike maneno asiyoyataka. Hapa ndipo wengi wanakwama: wanaandika kwa Kifaransa peke yake. Andika kwa Kiswahili, Kifaransa, Lingala na Kinyarwanda, na uandike pia yale yaliyopindwa makusudi kwa nukta na namba, kwa sababu wanaoweka video hizo wanajua kukwepa. Chujio linasoma maandishi, halioni picha. Likikosa kitu, usione umeshindwa.

Kama ukurasa umeharibika kabisa, katika mipangilio hiyo hiyo kuna njia ya kuanza upya, «Actualiser ton fil Pour toi». Baada ya kuigusa, siku mbili au tatu za kwanza ndizo zenye uzito. Kijana akae na vitu anavyovipenda kwa makusudi: mpira, kusuka, mapishi, gitaa, hesabu za mtihani wa Taifa. Akiingia kwa udadisi kutazama "mambo ya vita" mara tano siku ya kwanza, atarudi alipokuwa.

Facebook ni rahisi zaidi: ndani ya mipangilio kuna sehemu ya «Médias», na humo unachagua video zisijiendeshe kamwe.

Mtoto chini ya miaka 13 hapaswi kuwa na akaunti katika mitandao hii. Ndiyo kanuni ya mitandao yenyewe. Kama tayari anayo na alidanganya umri, usimfokee kwanza. Mfumo unamwona mtu mzima na kumletea mambo ya watu wazima, na akijua hivyo mara nyingi hukubali kuifunga.

Habari kwa saa maalum, kutoka kwa mtu mmoja

Siku za wasiwasi, kila mtu ndani ya nyumba anafungua simu kila dakika tano, na kila mmoja anamsomea mwenzake alichokikuta. Mtoto wa miaka 12 anasikia hofu ile ile mara arobaini kabla ya jua kuzama.

Pangeni hivi. Mtu mzima mmoja ndiye anayefuatilia habari kwa ajili ya nyumba nzima. Anatazama asubuhi, mchana na jioni kabla ya saa 1, dakika 15 kila mara, na hasa anasikiliza redio, ambayo haina picha. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, ina habari kwa Kiswahili. Kwa mlima, chanzo ni Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG. Kisha anawaambia wengine kwa sentensi tatu: nini kimetokea, wapi, na sisi tunafanya nini. Sentensi ya tatu isikosekane. "Risasi zimesikika upande wa Mugunga. Kwetu kumetulia. Leo hakuna anayevuka baada ya saa 11 jioni." Kijana akijua la kufanya, haja ya kuchimba simu inapungua.

Uvumi upimwe kwa maswali machache kabla ya kuupeleka mbele: nani aliyeona kwa macho yake, ni mahali gani hasa, ni leo saa ngapi, na nani mwingine asiyemjua huyo wa kwanza anasema hivyo? Mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp inaonyesha kwamba umepita mikononi mwa watu wengi. Ujumbe wa namna hiyo unaweza kupelekwa kwa mtu au grupu moja tu kwa wakati, na WhatsApp iliweka kizuizi hicho makusudi mwaka 2020. Video za zamani hurudi kila mgogoro zikiwa na tarehe mpya. Tazama mavazi, mvua au vumbi, mabango ya maduka, lugha inayosikika. Vijana ni hodari wa kazi hii kuliko sisi, na kijana anayechunguza video kwa maswali hayuko tena katika hali ya kuvamiwa nayo. Afanye kwa zile zisizo na damu.

Alitumiwa uvumi akautuma mbele, kisha akagundua ni uongo? Anaweza bado kuufuta kwa wote ndani ya takriban siku mbili na nusu. Ukishapita muda huo, aandike sahihisho katika grupu lile lile.

Saa ya kwanza baada ya kuona

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wazima wengi wanapokosea kwa nia njema.

Kijana amekuja amekauka uso, au hakuja kabisa, ila umeona hagusi chakula na anatazama ukuta. Sentensi yako ya kwanza ndiyo itakayoamua kama kesho atakuambia tena. Usianze na "Nani alikuambia uangalie?" Wala usiombe uione hiyo video. Sema: "Mwanangu, naona kuna kitu kimekugusa kwenye simu. Si kosa lako kukiona. Kaa hapa nami." Simu iwekwe kifudifudi, mbali na mkono.

Anza na mwili kabla ya maneno. Akae miguu ikigusa sakafu. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe polepole kwa hesabu ya sita, mara kumi. Ni kama dakika mbili. Wewe fanya pamoja naye, kwa sauti, maana peke yake atakimbiza. Maji baridi usoni yanasaidia. Kisha ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia. Hilo linamrudisha mahali alipo na saa iliyopo.

Akitulia kidogo, uliza mambo matatu tu. Umepata kutoka kwa nani? Unamjua mtu aliyeonekana humo? Umemtumia mwingine? La pili ni la lazima. Kijana akiwa amemtambua mwanafunzi mwenzake au jirani, huo ni msiba, na utunzaji wake ni wa msiba: familia, watu wa kukaa naye, sala kama ndivyo mlivyozoea. Usimlazimishe asimulie alichokiona hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, linasema waziwazi kwamba mtu asishinikizwe kueleza yaliyompata. Akitaka kusema, sikiliza bila kumkatiza na bila kuongeza ya kwako. Akinyamaza, ukae naye katika ukimya huo.

Kisha mpe kazi ya macho na mikono. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kutisha, wakasubiri nusu saa, halafu wakawapa baadhi yao mchezo wa Tetris, wa kupanga maumbo yanayoanguka kwenye kioo, kwa dakika 10. Katika wiki iliyofuata, waliocheza walirudiwa na picha zile mara chache kuliko wasiocheza. Macho na mikono vikishughulika na maumbo, picha mbaya inakosa nafasi ya kujikita. Mchezo huo upo bure na hauhitaji mega ukishapakuliwa. Pasipo simu, mpe kazi ya kufanana nayo: kuchagua maharagi kwa rangi, kusuka mstari mgumu, kuchora, kupanga karata. Dakika 20 zinatosha. Kusikiliza maandiko au muziki ni kuzuri, ila macho yanabaki huru, na picha inarudi kupitia hapo.

Mwishoni mwa saa hiyo, andikeni pamoja kwa aliyetuma: "Ndugu yangu, asante kwa habari. Tafadhali usinitumie tena video za maiti, simu hii inashikwa na watoto. Ukiwa na habari ya usalama niandikie kwa maneno." Kisha video ifutwe. Kama inaonyesha uhalifu na familia inadhani ni ushahidi, mtu mzima aihamishe kwenye simu yake au memori kadi, mahali pasipofikiwa, na asiipeleke grupu lolote.

Usiku huo asilale peke yake chumbani kama mnaweza kupanga hivyo. Taa ndogo si aibu, hata kwa kijana wa miaka 16.

Usiku

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11:30 alfajiri awahi shule, inabidi awe amelala saa 3:30 usiku, na simu iwe imetoka mkononi saa moja kabla. Mega za usiku zenye bei nafuu ndizo zinazoharibu hesabu hii: anakesha kwa sababu saa 6 usiku ndipo anapomudu. Mkiweza, mnunulie kifurushi kidogo cha mchana. Ni gharama ndogo kuliko mwanafunzi anayesinzia.

Simu zote za nyumba, na ya baba imo, zichajiwe sebuleni kwenye rallonge (waya wa kurefusha umeme) moja. Umeme ukija usiku wa manane, mtu mzima ndiye anayeamka kuzichomeka. Jiandae kwa visingizio viwili vya kweli: simu ndiyo saa ya kuamshia, na ndiyo tochi ya kwenda chooni. Nunua saa ndogo na tochi kabla ya kutangaza kanuni.

Anayetishiwa kwa picha yake

Mtu asiyemjua amejifanya msichana au mvulana wa Kampala, wamepatana kwa siku kadhaa, kijana ametuma picha ya uchi, na sasa anadaiwa pesa la sivyo picha itakwenda kwa mchungaji na darasa zima. Hali hii ni ya dharura. Kwanza, kijana asiachwe peke yake usiku huo hata dakika. Aibu ya namna hii imewahi kuwasukuma vijana kujiua, sehemu nyingi za dunia. Mwambie: "Aliyekosa ni anayekutisha. Picha hii haibadilishi wewe ni nani kwangu."

Pesa zisitumwe, hata kidogo. Anayelipa mara moja huombwa tena, kiasi kikipanda. Kama tayari zilitumwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, SMS za malipo zisifutwe. Piga picha za kioo cha simu (screenshot) zikionyesha jina la akaunti, namba, vitisho na saa, kisha ripoti akaunti na kuizuia. Usiisambaze picha ya kijana kwa jamaa ili "waone": kwa sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na picha hiyo ni ya mtoto. Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, na StopNCII kwa watu wazima. Simu yenyewe inatengeneza alama ya picha, picha haitoki mkononi mwako, na mitandao inayoshiriki inatumia alama hiyo kuizuia. Haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp, kwa hiyo wahi kuwaonya watu wawili watatu waliotajwa kwenye vitisho wasifungue kitu.

Wanaojilinganisha

Ngozi nyeupe, magari, maisha ya Ulaya, mwenzake aliyevuka na sasa ana picha kwenye theluji. Kuhubiri hakusaidii. Mpe daftari kwa siku saba: kila anapofunga programu aandike saa, alichotazama, na namba ya jinsi anavyojisikia moyoni, kuanzia 0 (vibaya kabisa) hadi 10 (vizuri kabisa), kabla na baada. Asibadilishe chochote wiki hiyo. Siku ya nane msome pamoja, mtafute akaunti tatu zinazoshusha namba kila mara, azifiche kwa siku 14, kisha aandike tena. Wiki ya kwanza akidanganya namba, mwache. Ya pili huwa mkweli.

Lini kumpeleka kwa mtaalamu

Katika wiki mbili za kwanza, ndoto mbaya, kushtuka pikipiki ikipiga kelele, kukosa hamu ya nyama na kushindwa kusoma ni mambo ya kawaida, na kwa wengi hupungua taratibu. Yakizidi mwezi mmoja, au yakiongezeka badala ya kupungua, nenda. Usingoje mwezi kama anasema heri afe, anajikata, halali kabisa usiku kadhaa mfululizo, anasikia sauti zisizosikika na wengine, ameanza pombe au bangi ili alale, au anatafuta mwenyewe video za kuua usiku kucha na hawezi kuacha.

Anza na kituo cha afya cha karibu na uombe barua ya kumwelekeza. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, Frères de la Charité. Kwa aliye Bukavu, shirika hilo lina kituo cha SOSAME. Maombi yaendelee kama ndiyo imani ya nyumba, ila yaende pamoja na matibabu. Kijana asiyekula asilazimishwe kufunga kula, asifungiwe chumba cha maombi, wala asiambiwe mbele ya watu kwamba ana pepo. Hofu inazidi, na atajifunza kunyamaza.

Siku ya kwenda, mwache achague nani amsindikize. Beba daftari kama lipo, na uandike kwenye karatasi moja: lini alianza kuona picha hizo, analala saa ngapi kwa usiku, amepungua uzito au la, dawa anazotumia, na kama amewahi kusema anataka kufa. Mwombe muuguzi azungumze naye dakika kumi ninyi mkiwa nje. Video usiende nayo. Hakuna mtaalamu anayehitaji kuiona ili amtibu.